Jokofu Linalotuma Meseji Usiku

Najua ulifungua ukurasa huu ukitegemea habari za chunusi, mapenzi au mitihani. Leo tunaongelea friji. Subiri, usigeuze ukurasa! Kuna jokofu moja la chanjo katika zahanati fulani wilayani Handeni ambalo nililiharibia kazi yake kwa mkono wangu huu wa kulia. Kesho yake wasichana karibu arobaini wa sekondari ya jirani, wakiwa wameshakunja mikono ya mashati ya shule, waliambiwa warudi darasani. Chanjo hakuna.

Ilikuwa Februari 2023. Wanaoijua Handeni wanajua jua la mwezi wa pili linavyopiga. Nilikwenda pale kuzungumza na wasichana kuhusu chanjo ya HPV, ile inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatano jioni, ukarudi Alhamisi saa nane mchana. Sista, mama mtu mzima aliyeanza kazi ya uuguzi kabla mimi sijaanza chekechea, alikuwa nje anapima watoto uzito. Mimi nikabaki ndani, karibu na jokofu. Nikatupa jicho kwenye kipimajoto: nyuzi 11! Moyo ukanidunda, maana nilikuwa nimesoma kwamba chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Kwenye jokofu lile kuna kidude cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 7. Kilikuwa kwenye 3. Nikajisemea, "Ngoja nimsaidie mama wa watu," nikakizungusha mpaka 7. Nikatoka nje kunywa maji, nikasahau kabisa.

Saa kumi na mbili jioni Sista alisoma kipimajoto akakuta nyuzi 6. Akaandika kwenye chati, akafunga mlango, akaenda zake nyumbani akijua mambo yamenyooka. Ijumaa asubuhi tulipofungua tulikuta nyuzi 3 chini ya sifuri. Vichupa vya HPV vilivyokuwa chini kabisa vilikuwa vigumu kama barafu za kulamba.

Sista hakufoka. Alinitazama tu, akauliza, "Mwanangu, nani kagusa hapa?"

"Ni mimi, mama."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe shahada ya chuo kikuu haizuii mtu kuwa mjinga mbele ya friji. Na pale ukutani kulikuwa na kifaa kidogo cheupe, chenye laini ya simu ndani yake na waya unaoingia kwenye jokofu. Kazi yake ni moja tu: joto likienda vibaya, kitume meseji. Na kilituma! Tena si meseji moja, tatu. Zilikwenda wapi? Tutafika huko.

Kile kidude nilichokizungusha

Jina lake ni themostati. Usiogope jina. Ni kitu kinachopima joto ndani ya jokofu na kuiambia mashine "waka" au "zima". Katika majokofu mengi ya zamani themostati ni kijibomba chembamba chenye gesi ndani yake. Jokofu likipata joto gesi inatanuka, inasukuma swichi, mashine inawaka. Likipoa gesi inasinyaa, swichi inaachia, mashine inazima. Wale mnaosoma fizikia mmeshajifunza habari za vitu kutanuka kwa joto, basi ndiyo hiyo hiyo. Zile namba hazisemi nyuzi. Namba 7 haina maana ya nyuzi 7. Namba kubwa katika majokofu ya namna ile inamwambia fundi wa ndani, "Fanya kazi zaidi, usizime mpaka kuwe na baridi kali."

Sasa ona kosa langu. Jokofu lilikuwa nyuzi 11 kwa sababu umeme haukuwepo. Themostati haikuwa na tatizo lolote! Umeme uliporudi, jokofu likiwa palepale kwenye 3 lingejirudia lenyewe mpaka nyuzi 4 au 5 na kutulia. Mimi nikaliambia lisitulie. Kwa saa chache za mwanzo huoni tofauti, ndiyo maana jioni Sista alikuta nyuzi 6 nzuri kabisa, kumbe safari ya kwenda chini ilikuwa inaendelea. Wahudumu wa chanjo wanafundishwa jambo hili waziwazi: umeme ukirudi, usiguse themostati. Nami sikuwa mhudumu wa chanjo, na sikuuliza.

Themostati hupangwa mara moja, kwa utulivu, na kuangaliwa kwa siku kadhaa. Unasoma joto asubuhi mapema, wakati kuna baridi kuliko saa zote, na jioni. Asubuhi likiwa kati ya nyuzi 2 na 5, basi mchana litapanda kidogo bila kuvuka 8. Ukihitaji kurekebisha unasogeza kidogo, unasubiri mpaka kesho. Na mpangilio wa zahanati moja hauwezi kunakiliwa kwingine. Chukua wilaya ya Korogwe peke yake. Mombo iko chini, kando ya barabara kuu, joto tele. Bungu iko juu kwenye milima ya Usambara, na mwezi wa saba huko sweta halivuliwi. Jokofu la namna moja, kwenye namba ileile, linaweza kuwa sawa Mombo na likagandisha Bungu.

Huko Ulaya na Marekani watu wengi wana themostati za ukutani majumbani, kwa ajili ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Siku hizi nyingine zimeunganishwa na intaneti, kama ile iitwayo Nest iliyoanza kuuzwa mwaka 2011, na mwenye nyumba anaweza kupandisha joto kwa simu akiwa kazini. Kifaa cha zahanati yetu si cha namna hiyo. Hakizungushi kitu. Kinapima na kusema tu, mkono wa kurekebisha unabaki kuwa wa mtu. Kipo cha aina mbalimbali, na mojawapo ni ColdTrace ya shirika la Nexleaf Analytics la Marekani, ambayo imetumika katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo.

Baridi ni adui kuliko joto

Wengi tunadhani chanjo inaharibiwa na joto tu, kwa hiyo kadiri unavyoipoza ndivyo unavyoitunza. Siyo! Zipo zinazochukia joto sana, kama ya polio ya matone. Lakini HPV, pepopunda, homa ya ini B na ile ya watoto ya magonjwa matano kwa pamoja zinachukia kuganda kuliko kitu kingine chochote. Zile nyuzi 11 zilizonishtua, kwa saa chache, HPV ingezivumilia bila shida. Usiku mmoja wa barafu niliouleta mimi haikuuvumilia.

Sababu yake ni hii. Ndani ya chanjo hizi mna chembe ndogo mno za chumvi ya alumini, na sehemu yenyewe ya chanjo imejishikiza juu ya chembe hizo. Kazi ya alumini ni kuuamsha mwili uitambue chanjo vizuri. Maji yakiganda, barafu inazisukuma chembe mpaka zinashikamana mabonge. Ukiyeyusha, mabonge hayaachani tena. Ni kama yai lililochemshwa: ulipoze utakavyo, halirudi kuwa bichi.

Ubaya wenyewe ni kwamba ikishayeyuka, chanjo iliyoganda inaweza kuonekana sawa kabisa na nzima. Joto angalau linaacha alama. Kwenye vichupa vingi vya chanjo kuna duara lenye mraba mweupe katikati. Chanjo ikipigwa na joto mraba unazidi kuwa mweusi, na ukifikia rangi ya duara, chanjo hiyo haitumiki. Alama hiyo ni msaada mkubwa sana, lakini kwa kuganda haisemi kitu. Kichupa kinaweza kuganda usiku, kikayeyuka asubuhi, na mraba ukabaki mweupe pe.

Je, ukichomwa chanjo iliyoganda utakufa? Hapana. Si sumu. Inaweza kukuletea uvimbe au maumivu zaidi pale ilipoingia. Hatari kubwa ni nyingine: unaondoka ukijua umekingwa, kumbe nguvu ya chanjo imepungua au imekwisha. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Haiji wiki ijayo. Inachukua miaka mingi tangu virusi vya HPV viingie mwilini. Msichana wa kidato cha kwanza aliyechomwa maji yasiyo na kazi anaweza kuligundua kosa la usiku mmoja akiwa mama wa watoto wanne, amekaa kwenye benchi pale Ocean Road jijini Dar es Salaam. Nani atakumbuka friji la Handeni?

Ndiyo maana Sista hakubahatisha. HPV zilizoganda hakuzijaribu hata kidogo, aliziweka pembeni kwenye boksi na kuandika kwa kalamu nene USITUMIE, akampigia mratibu wa chanjo wa wilaya. Chanjo za watoto zilizokuwa juu, ambazo hazikuonekana zimeganda, alizifanyia jaribio la kutikisa. Alichukua kichupa kimoja cha aina ileile na toleo lilelile akakigandisha makusudi mpaka kikawa jiwe, kisha akakiacha kiyeyuke. Kesho yake akatikisa viwili kwa pamoja, hicho na kile anachokitilia shaka, akavisimamisha mezani. Kile alichokigandisha kilianza kutulia haraka, masimbi mazito chini na maji meupe juu. Cha pili kikabaki na ukungu sawasawa kwa muda mrefu. "Hii imepona," akasema. Kingetulia sawa na cha kwanza, vyote vya kundi hilo vingekwenda kwenye boksi la USITUMIE. Sijawahi kusoma somo la kemia lililoniingia kama lile.

Wasichana walichanjwa wiki mbili baadaye, chanjo nyingine zilipoletwa. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Kaka, leo hujagusa friji?" Walicheka mpaka mwalimu akaingilia.

Meseji tatu zilikwenda wapi?

Sista alichukua simu yake, akaonyesha. Hakuna kitu. Tukafungua daftari la siku kifaa kilipofungwa. Namba iliyoandikishwa ilikuwa ya muuguzi aliyehamishiwa mkoa mwingine mwaka mmoja na nusu kabla. Tukampigia. Akasema kweli, usiku simu ililia mara tatu. "Nilidhani ni zile meseji za kampuni ya simu, za kushinda bahati nasibu." Mwenyewe alisikitika. Lakini angefanya nini akiwa mbali kiasi kile, kwa zahanati aliyokwishaikabidhi?

Kwa hiyo kifaa kilikuwa kizima, laini ilikuwa na salio, mtandao ulikuwepo, meseji ilifika. Ilifika kwa mtu asiye na ufunguo wa mlango. Nimeona mambo kama hayo mara kadhaa tangu hapo, na nimeanza kuamini kwamba sehemu inayoharibika kuliko zote katika vyombo hivi ni orodha ya namba za simu.

Namna ya kukifunga

Baadaye nilimsindikiza fundi wa majokofu ya chanjo kwenye zahanati kadhaa, safari hii mikono yangu ikiwa mfukoni. Nikueleze alivyofanya, maana wapo kati yenu watakaokuwa wauguzi, mafundi, au wajumbe wa kamati ya zahanati ya kijiji.

Kabla hajafungua boksi alitoa simu ya kawaida, ile ya kitochi, akaweka laini moja moja za mitandao tofauti na kusimama palepale kifaa kitakapokaa. Si nje chini ya mwembe, palepale ukutani. Kuna zahanati ambako mtandao mmoja unashika mlangoni na kupotea hatua tatu ndani, kwa sababu ya mabati na kuta. Aliyeshika vizuri ndiye aliyepewa kazi. Laini akaiondolea namba ya siri, vinginevyo umeme ukikatika na kifaa kikijiwasha upya kitabaki kinasubiri namba ambayo hakuna wa kuiandika. Akauliza pia laini imesajiliwa kwa jina la nani. Siku hizi usajili ni wa alama za vidole, na ukiisajili kwa jina la mfanyakazi anayeondoka kesho, siku laini ikipata tatizo utamtafuta nchi nzima.

Kifaa kinakaa nje ya jokofu, ukutani. Kinachoingia ndani ni waya wenye kichwa kidogo cha kupimia. Hapa palimchukua muda mrefu kuliko pote. Kichwa kile kinatakiwa kikae katikati ya chanjo zenyewe. Kikigusa ukuta wa barafu kitasema kuna baridi ambayo chanjo haina. Kikining'inia karibu na mlango kitalia kila mlango ukifunguliwa. Na waya usipite pale mpira wa mlango unapobana, maana mlango hautafunga sawasawa na hewa ya joto itaingia usiku kucha. Yaani kifaa cha kulinda jokofu ndicho kitakachoanza kuliharibu! Fundi alifunga karatasi kwenye mlango na kuivuta: ikitoka kirahisi, mpira haubani.

Kisha akahakikisha kama kifaa kinasema kweli. Aliponda barafu, akaijaza kwenye kikombe na maji kidogo, akakoroga, akatumbukiza kile kichwa na kusubiri. Barafu inayoyeyuka ni nyuzi 0, iwe Handeni au London. Kikasoma 0 na nusu hivi. "Kinafaa." Jaribio hili unaweza kulifanya shuleni na kipimajoto chochote cha maabara, wala huhitaji kusubiri mgeni.

Mipaka ya kengele ilikuwa hivi: joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, kilie. Likishuka chini ya nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60, kilie. Umeona tofauti? Saa kumi kwa joto, saa moja tu kwa baridi. Si kwamba wataalamu walikosea kuandika. Joto la muda mfupi linavumilika, kuganda hakuvumiliki. Na wameacha muda kidogo kwa sababu Sista anafungua mlango mara nyingi siku ya kliniki. Kingelia kila mlango unapofunguliwa, kufikia wiki ya pili kila mtu angekuwa amekizoea na kukipuuza.

Mwisho akaandika namba za simu. Tatu: ya Sista, ya mganga mfawidhi, ya mratibu wa wilaya. Akachomoa umeme makusudi. Tukasubiri. Simu tatu zikalia, moja ikachelewa dakika kadhaa. Kifaa kina betri yake ndani, kwa hiyo kinaweza kulalamika hata umeme usipokuwepo. Hakuondoka mpaka amesikia zote tatu.

Kikinyamaza

Watu wengi wakiona kifaa kimekaa kimya mwezi mzima wanafurahi. Ngoja kwanza. Kimya kinaweza kuwa cha afya, au cha maiti. Vifaa vingi hutuma taarifa ya kawaida kila siku hata kama mambo ni shwari, na taarifa hiyo isipokuja ndipo pa kuanza kutafuta.

Anza na vitu vya kijinga. Je, taa yake inawaka? Plagi imeingia? Betri ya ndani ikichoka, kifaa kitakuwa kinakufa kila umeme unapokatika, yaani kinalala saa ileile unayokihitaji. Je, salio au kifurushi kimekwisha? Je, laini haijafungiwa? Toa laini, iweke kwenye simu, jaribu kutuma meseji. Ikigoma kwenye simu, tatizo si kifaa. Ikikubali, rudisha laini na usogeze kifaa au antena yake karibu na dirisha. Maeneo ya milimani kama kule juu Korogwe, mita mbili tu zinaweza kuwa tofauti ya kushika na kutoshika.

Kikisema joto limepanda na umeme upo, usikimbilie themostati kama mimi! Angalia mlango. Angalia kama mtu amejaza soda za sherehe (nimeona). Angalia barafu nene kwenye kuta, kama jokofu limesukumwa likagusa ukuta wa nyumba likakosa hewa, kama jua la jioni linalipiga kupitia dirishani. Kikisema baridi imezidi, angalia kama chanjo zimebanana kwenye barafu, kisha uliza nani amegusa namba. Kifaa na kipimajoto cha ndani vikipingana, fanya lile jaribio la kikombe cha barafu kwa vyote viwili, mwongo atajulikana. Na kama jokofu linaendelea kupata joto, hamisha chanjo kwenye kibebeo chenye vibarafu vilivyoanza kuyeyuka, halafu ndiyo uendelee kutafuta ubovu. Vibarafu vitolewe mapema, ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani. Vikiwa vikavu kutoka kwenye friza, navyo vinagandisha chanjo.

Majokofu mapya ya chanjo yamerahisisha mambo. Mengi yametengenezwa ili yasiweze kugandisha, na hayana kidude cha kuzungusha kabisa. Mengine yanatumia jua moja kwa moja bila betri: mchana yanatengeneza barafu kwenye kuta zake, usiku barafu hiyo inalinda chanjo. Kwa wenzetu wa vijiji ambako nguzo za umeme hazijafika, hayo ni mkombozi. Lakini ya zamani bado yapo, na mikono yenye haraka kama yangu ipo pia.

Mliyoniuliza Korogwe

Nilipowasimulia wanafunzi wa sekondari moja Korogwe kisa hiki, maswali yalikuwa mengi kuliko muda.

Mvulana mmoja aliuliza, "Sisi chanjo ya HPV hatuchomwi, haya yanatuhusu nini?" Nikamuuliza alizaliwa lini, akasema 2009. Nikamwambia aende akamuulize mama yake. Korogwe na Bagamoyo ndiyo maeneo mawili ya Tanzania yaliyoshiriki katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, kati ya 2009 na 2014. Jumla walikuwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Watoto hao walizaliwa kati ya 2007 na 2010, kwa hiyo wengine wao leo wanasoma gazeti hili, labda wamekaa dawati moja nawe. Shirika la Afya Duniani liliipitisha chanjo ile Oktoba 2021. Nayo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na nayo haitakiwi kuganda. Fikiria kama majokofu ya Korogwe yangekuwa yanagandisha miaka ile: dunia ingeambiwa chanjo haifai, kumbe ni friji.

Msichana mmoja alitaka kujua kama anaruhusiwa kumuuliza nesi kuhusu friji kabla ya kuchomwa. Ndiyo, kwa adabu. "Shikamoo Sista. Samahani, chanjo hii ilikaa vizuri?" Nesi mzuri atakuonyesha ile alama ya mraba na chati ya joto, wala hatakasirika. Usiikatae chanjo kwa sababu ya kisa changu. Tangu ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 kwa wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja tu, inasubiri wewe ufike. Na wale waliouliza kama "inafunga kizazi": hapana, haifungi.

Swali la mwisho lilitoka nyuma kabisa, kwa sauti ndogo. Ana kisukari, anachoma insulini, nyumbani hawana friji, ya kwake inakaa kwa jirani. Je, nayo inaharibika ikiganda? Inaharibika. Ambayo haijafunguliwa ikae nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu, na ikishaganda isitumike hata kama imeyeyuka. Tulikaa naye baada ya kipindi tukapanga namna ya kuzungumza na jirani huyo, na pa kuiweka kwenye friji lake.

Kule Handeni namba zimebadilishwa. Zipo tatu, zimeandikwa pia kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya jokofu, na kila mfanyakazi akihama jina lake linakatwa siku ya kukabidhi funguo. Juu ya kile kidude cha kuzungusha Sista amebandika plasta nyeupe ya hospitali, imeandikwa: MGENI USIGUSE.

Miezi michache baadaye alinipigia kunisimulia. Saa tatu usiku simu yake ililia: umeme umekatika. Akachungulia dirishani, mbona taa za majirani zinawaka? Akajifunga kitenge, akachukua tochi, akamwamsha mwanawe amsindikize. Kufika, wakamkuta mlinzi amechomoa plagi ya jokofu, anachaji simu yake. Ndani kipimajoto kilisoma nyuzi 5. Akachomeka, akabandika plasta nyingine juu ya plagi, akarudi kulala.